Bikari ikivunjika ndo mchango umefanya kazi

Miezi hii ukiingia kwenye grupu lolote la wasap la watu waliosoma sekondari za huku Kanda ya Ziwa, iwe Sengerema, Magu, Kwimba au hapa hapa Ilemela, hukosi kukuta kuna mchango unatembea. Zamani ilikuwa misiba na harusi, sasa hivi watu wamekumbuka shule walizosoma, na kinachochangiwa mara nyingi ni vifaa vya sayansi, maikroskopu, mizani, maboksi ya bikari, vile vikombe vya kioo vya maabara, na testi tyubu. Siku ya kukabidhi anaitwa diwani au afisa elimu, wanafunzi wanasimama nyuma ya meza, picha zinapigwa, grupu linafurahi. Mimi nalipenda hili wimbi na nalisema mapema ili nisieleweke vibaya huko mbele. Ila kuna kitu naona kinasomwa ndivyo sivyo na pande zote mbili, wanaochanga na wanaowakosoa. Wanaochanga wanahesabu kilichokabidhiwa, kwamba tumepeleka maikroskopu kumi basi tumemaliza. Wanaokosoa wanarudi baada ya mwaka mmoja, wanakuta bikari nusu hazipo na chupa za kemikali ziko tupu, wanasema si mnaona, hawa hawatunzi, hela yetu imepotea. Kwa mtazamo wangu mchango uliopotea ni ule ambao baada ya miaka mitatu bado uko mzima kabatini. Kifaa cha sayansi kwenye shule ya kata kazi yake ni kushikwa na watoto wengi, na kitu kinachoshikwa na watoto wengi kitavunjika, kitaisha, kitapotea kingine, na huo ndo ushahidi kwamba kilifanya kazi. Tukilikubali hilo inabidi tubadili tunachonunua, namna tunavyokabidhi, na swali tunalouliza tukirudi.

Turudi nyuma kidogo maana bila historia hili jambo halieleweki. Shule nyingi za kata zilizaliwa kwenye mpango wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, kata ikajenga madarasa mawili matatu, watoto wakaingia, maabara itakuja baadaye. Kuna miaka shule zisizo na maabara zilikuwa zinafanya mtihani mbadala wa praktikali, yaani unajibu kwenye karatasi maswali kuhusu jaribio ambalo hujawahi kulifanya wala kuliona. Baadaye Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, Fizikia, Kemia na Bayolojia, ukomo wa kwanza ukawa mwishoni mwa 2014 ukasogezwa mbele, na wengi mnakumbuka jinsi wananchi walivyochangishwa kaya kwa kaya hadi mtu anakimbia mtendaji. Majengo yakasimama, mengine yakaishia kwenye lenta yakamaliziwa miaka ya baadaye. Januari 2016 ikaja elimu bila ada hadi fomu foo, watoto wakaongezeka, na mzazi akaelewa kwamba kuchangia kumeisha. Shule ikabaki na ruzuku ya uendeshaji ambayo kiwango chake kilichozoeleka kwa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hiyo yote haifiki kwenye akaunti ya shule kwa sababu sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Humo humo kuna chaki, umeme, mitihani ya ndani, ukarabati. Mkuu wa shule anayekaa na hizo hesabu, kemikali za Kemia anazinunua lini? Anazinunua pale Necta inapokaribia, kwa sababu mtihani wa taifa wa vitendo lazima ufanyike, na hapo ndo unakuta mtoto wa fomu foo anashika bureti, ile tyubu ndefu ya kioo yenye bomba ya kupimia asidi, kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani, au siku ya mtihani wenyewe.

Hiyo picha ndo inapaswa kuongoza mchango. Tatizo la shule nyingi za huku halijawahi kuwa kwamba hakuna kifaa hata kimoja. Ukiulizia utaambiwa vipo, ukiomba kuviona utasubiri mwenye ufunguo. Niliwahi kuingia stoo ya maabara kwenye sekondari moja wilaya ya Magu, nikakuta maikroskopu kwenye maboksi yake, bado zina zile nailoni za kiwandani, na vumbi juu ya boksi limeshakuwa gumu. Nikamuuliza mwalimu wa Bayolojia mbona hazitumiki, akanijibu bila kupepesa macho: "Kaka, hizi zimeandikwa kwenye leja. Ikivunjika moja, barua ya kujieleza naandika mimi." Ukikaa na hilo jibu utaona halina uvivu ndani yake. Mali ya shule ya umma ikishaingia kwenye leja ina mwenyewe, mkuu wa shule anaijibia kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, mwalimu anaijibia kwa mkuu, na kuifuta kwenye hesabu ni mchakato wenye barua na vikao. Wakati huo huo darasa lina watoto 80 au zaidi na mwalimu yuko peke yake. Wewe ungeruhusu watoto 80 washike kitu ambacho kikianguka kinakuletea barua? Halafu juu ya leja sisi wachangiaji tunaongeza uzito wetu, tunabandika majina, tunaweka kibao, tunasema kwenye hotuba "naomba vitunzwe vidumu muda mrefu", na mwalimu anasikia hiyo kauli kwa tafsiri moja tu, funga kabati. Tumemkabidhi kifaa na hofu kwa wakati mmoja, kisha mwaka unaofuata tunashangaa kwa nini matokeo ya sayansi hayajasogea.

Wenzetu wa hospitali walishaliona hili zamani. Kuna utafiti wa 2011, wa Perry na Malkin, uliopitia orodha za vifaa tiba kwenye nchi 16 zenye kipato kidogo na ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi, na sababu kubwa zilikuwa mafunzo, usimamizi na miundombinu, yaani mtu wa kukitumia, mtu wa kukihudumia, na umeme na maji ya kukiendesha. Shule ni hivyo hivyo. Maikroskopu iliyotoka Marekani imetengenezewa umeme wa volti 120, sisi ukutani tuna 230, ukichomeka bila kuangalia balbu inaondoka siku hiyo hiyo. Ukiisalimisha na umeme bado kuna unyevu, na sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaujua, lenzi ikikaa boksini bila kutumika wala pakiti za kufyonza unyevu inaota ukungu ndani, na ukungu wa ndani ya lenzi fundi wa mtaani hautoi. Kwa hiyo hata ile hoja ya kwamba tukiifungia itadumu haina mguu, kwa sababu ndani ya kabati nako inakufa, inakufa tu bila kumfundisha mtu.

Sasa nije kwenye hesabu, maana wengi wanadhani nikisema tununue vinavyoisha nawaambia waingie gharama isiyo na mwisho. Chukua titresheni, jaribio la kudondosha asidi kwenye besi hadi zimalizane, ambalo kila mtoto wa Kemia analikuta. Mwanafunzi mmoja akifanya mara nne, moja ya kukadiria na tatu za uhakika, anatumia kama mililita 100 za besi na kiasi kinacholingana cha asidi. Sodiamu haidroksaidi ya nguvu ya moli 0.1 kwa lita inahitaji gramu 4 kwa lita. Kopo moja la gramu 500 linatoa lita 125, yaani zamu 1,250 za mwanafunzi mmoja mmoja. Upande wa asidi, haidrokloriki ile kali ya dukani ina nguvu ya kama moli 12 kwa lita, lita moja yake ukiizimua inakupa lita 120. Narudia, kopo moja na chupa moja vinatosha zamu zaidi ya elfu moja, kwa hiyo shule yenye watoto 120 wa Kemia inaweza kufanya titresheni karibu kila mwezi mwaka mzima. Kemikali zenyewe sio zinazotushinda. Kinachokwamisha ni bureti na pipeti za kutosha watoto wafanye wawili wawili badala ya kumtazama mwalimu, mizani ya kupimia hizo gramu, maji, na mtu wa kuandaa hayo yote kabla kipindi hakijaanza na kuosha kikiisha. Zipo kemikali ghali kweli, silva naitreti kwa mfano, ile ya kupimia kloraidi, hiyo shule inahitaji kusaidiwa. Lakini nyingine nyingi bei yake ni ndogo kuliko kodi ya tenti na spika za siku ya makabidhiano.

Nimetaja mtu wa kuandaa na hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndo pengo ambalo hakuna grupu linalichangia. Maabara inahitaji fundi sanifu. Mwalimu wa Kemia mwenye vipindi vingi kwa wiki, ambaye mara nyingi anafundisha na somo lingine kwa sababu walimu wa sayansi hawatoshi, hawezi kuchanganya miyeyusho saa moja asubuhi, kufundisha, kuosha testi tyubu mia, kisha akaingia kipindi kinachofuata. Atachora kwenye ubao. Mimi nikiwa na uchaguzi wa kuipa shule maikroskopu tano au kumlipa posho kijana mmoja mwenye diploma ya maabara kwa mwaka, namlipa kijana, na wapo mitaani wengi wamemaliza chuo hawana kazi. Najua utaratibu wa kulipa mtu kwenye shule ya serikali una mlolongo, lazima bodi ya shule ikae, halmashauri ijue, mkataba uwe wazi, lakini shule zimekuwa zikilipa walimu wa kujitolea kwa njia hiyo miaka yote kwa hiyo sio kitu kipya. Kugawa vifaa bila mtu wa maabara ni kumnunulia mama jiko la gesi ukasahau mtungi.

Kuna hoja za upande wa pili na baadhi ni nzito. Ya kwanza inasema hii ni kazi ya serikali, mkichanga mnaipa nafasi ya kulala. Naiheshimu hii hoja. Kodi tunalipa, sera inasema elimu bila ada, na kuna fedha kubwa zimeshaingia kwenye sekondari, mfano mradi wa SEQUIP wa kuboresha elimu ya sekondari, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa 2020, ambao umejenga shule za kata mpya na shule za wasichana za sayansi za mikoa. Kwa nini basi mama lishe wa Igoma aliyesoma fomu foo 1998 atoe elfu kumi yake kununua bureti? Jibu langu ni kwamba inategemea unachanga nini na unaacha kumbukumbu gani. Ukijenga jengo kwa mchango unaifanyia halmashauri kazi yake na hakuna atakayeuliza tena. Lakini ukileta vinavyoisha kwa mihula mitatu, na mwalimu akawa anaandika kwenye daftari kimetumika nini, na darasa gani, kimebaki kiasi gani, mwisho wa mwaka shule inakuwa na namba ambayo haijawahi kuwa nayo, kwamba kufundisha sayansi kwa vitendo kwa watoto wetu kunakula vitu hivi na kiasi hiki. Shule isiyofanya praktikali haina matumizi, na isiyo na matumizi haina cha kuandika kwenye bajeti, kwa hiyo kila mwaka inapangiwa kidogo na kila mwaka hakuna anayeona kosa. Daftari la matumizi likipelekwa kwenye kikao cha bodi na kwa diwani, madai yanakuwa na miguu. Mchango wa namna hiyo unaisukuma serikali kuliko kulalamika.

Hoja ya pili ni ya haki, na hii kusema kweli inanisumbua zaidi. Shule kongwe kama Nsumba, Bwiru au Nganza zina watu wake kila kona, wengine wabunge, madaktari, wahandisi, grupu likisema tuchange kesho hela ipo. Sekondari iliyofunguliwa juzi kisiwani Ukerewe, au kule ndani Kwimba kwenye pamba, waliomaliza pale bado wanatafuta maisha. Tukiacha michango iende inakoenda yenyewe, tunaongeza juu ya aliye nacho. Sina jibu kamili, ila sehemu ya jibu iko ndani ya hesabu niliyotoa hapo juu. Kopo linalotosha zamu 1,250 linatosha shule zaidi ya moja. Grupu la shule kongwe linaponunua lingenunua na la jirani, na mwalimu wa maabara wa shule kubwa akawaandalia wenzake miyeyusho ya akiba au akawafundisha kuandaa. Kwa visiwani kuna suala la usafiri, feri na boti hazijali kwamba umebeba vioo, hivyo huko ni bora plastiki ile ngumu inapowezekana, mitungi ya kupimia ya plastiki ipo na kwa kazi nyingi inatosha, vioo vibaki kwa vinavyopashwa moto na kwa bureti.

Ya tatu ndo dhaifu kuliko zote na bahati mbaya ndo inayosikika sana, kwamba mwalimu mbunifu hahitaji vifaa, sayansi iko jikoni na barabarani, walimu waache visingizio. Wanaoisema huwa wanamtaja Erasto Mpemba. Mnamjua, yule kijana wa fomu three Magamba kule Tanga, mwaka 1963 walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto kwa kuwahi nafasi, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka, akang'ang'ania swali lake hadi alipomuuliza Dokta Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia. Wanasayansi hadi leo wanabishana juu yake. Kwa hiyo, wanasema, mnaona, hakuhitaji maabara. Lakini someni alichosimulia mwenyewe. Kwanza shule yake ilikuwa na friji, mwaka 1963. Pili, alipofika Mkwawa kule Iringa kwa ajili ya fomu faivu, siku moja mchana alikuta maabara ya Bayolojia iko wazi, hamna mwalimu, akachukua bikari mbili ndogo, moja akaweka maji ya bomba nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya maabara, na baadaye akakuta barafu ni nyingi zaidi kwenye ile iliyokuwa na maji ya moto. Maabara ilikuwa wazi na bikari zilikuwepo! Huyo Mpemba angekuwa mtoto wa leo kwenye ile sekondari niliyoisema Magu, angekuta kufuli, angerudi bwenini, na swali lake lingeishia hapo.

Sikatai ubunifu na tena naupenda. Choya tunayokunywa juisi ni kipima asidi na besi kizuri kabisa, ukiweka ndimu inakuwa nyekundu, ukiweka maji ya majivu rangi inageuka. Betri chakavu ya redio ndani yake kuna fimbo ya kaboni ya kufanyia elektrolisisi. Mfuniko wa ndoo ukiukata mduara wa sentimita 20, ukaupaka robo nyeupe robo nyeusi, ukaufunga kitu kizito chini ili uzame, ukauning'iniza kwenye kamba yenye alama, unakuwa chombo cha kupimia maji ya ziwa yana ukungu kiasi gani, wanasayansi wanaochunguza maji ya ziwa wanakitumia tangu karne ya 19, na watoto wa Kirumba au Igombe wangeweza kupima kila wiki kutoka gatini na kuona wenyewe mwani unavyoongezeka na kupungua kwa misimu. Sato wa sokoni ana matamvua ya kupasua na kuyaangalia. UNESCO ilipotoa kijitabu kwa walimu wa nchi zilizoharibiwa na vita mwaka 1948, kilikuwa kinafundisha hivi hivi, makopo na mishumaa, Ulaya ikiwa haina maabara. Ila ilikuwa ni kwa dharura, walipojenga tena wakanunua vifaa. Na mtihani wetu hauulizi choya. Necta inampa mtoto bureti, inampa methili oranji, ile rangi ya kuonyesha asidi na besi, inamtaka asome mpaka kwenye desimali, na mkono usiozoea bomba la bureti utapitiliza. Juu ya hapo ubunifu nao una gharama, ni muda wa mwalimu na hela ya mfukoni kwake, na kumwambia mtu anayelipwa kidogo kwamba tatizo ni yeye hana ubunifu ni kumwonea. Anayetaka walimu wawe wabunifu awanunulie choya, betri, waya na gundi, awape na muda.

Kuhusu projekta na video za majaribio nitasema kifupi, zinasaidia kuonyesha kitu cha hatari au cha mbali, lakini mtoto aliyeona titresheni kwenye video hajafanya titresheni.

Kitu kinachoniuma na ambacho sikioni kikizungumzwa kwenye magrupu ni shule za msingi. Wote tunakimbilia sekondari kwa sababu ndo tunakozikumbuka na ndo kuna mtihani wa vitendo. Ila mtoto anaamua kama sayansi ni ya kwake au sio ya kwake mapema sana, darasa la nne, la tano, na huko anasoma sumaku bila kushika sumaku. Ruzuku yao ni ndogo zaidi, shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka kwa kiwango kile kile cha zamani. Na huku ndo mchango mdogo unafika mbali kuliko popote, sumaku, balbu ndogo, waya, betri, lenzi za mkononi, vipimajoto, mizani ya kuning'iniza, kila kikundi cha watoto wanne kimoja, bila kemikali kali, bila vioo vingi, bila kibali cha mtu. Watoto wa mwambao wanafundishwa kichocho kwa mchoro wa konokono kitabuni, wakati hapa Mwanza kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kilichofanya utafiti wa kichocho miaka mingi, na wengi wa hao watoto wanaogea kwenye maji yenye konokono hao. Sisemi waingizwe ziwani, hapana, hiyo ndo hatari yenyewe. Nasema lenzi ya mkononi na konokono mkavu aliyeokotwa na mtu mzima vingewaambia kitu ambacho mchoro haujaweza.

Tukikubaliana mpaka hapa, mambo kadhaa yanafuata. Orodha iandikwe na mwalimu wa somo, sio na kamati ya grupu. Marekani kuna mpango unaitwa DonorsChoose, ulianzishwa mwaka 2000 na mwalimu mmoja wa Bronx, Charles Best, na msingi wake ni kwamba mwalimu anaandika anataka nini hasa na kwa somo gani, watu wanachangia, kisha vifaa vinanunuliwa na kutumwa shuleni kwake badala ya kutumwa fedha. Huko nako wanachangia madarasa yenye uhaba, kwa hiyo tusidhani ni aibu yetu peke yetu. Sisi hatuhitaji mfumo wa kompyuta kufanya hivyo, karatasi moja yenye saini ya mwalimu na mkuu wa shule inatosha. Kemikali zinunuliwe hapa hapa kwa wauzaji waliosajiliwa, kwa sababu ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali na huwezi kupakia asidi kwenye konteina la nguo kutoka nje ukadhani itapita. Pamoja na kemikali ziende miwani ya kukinga macho, glovu, na ndoo za kukusanyia mabaki, maana shule nyingi zetu ziko kwenye miteremko inayoshuka ziwani na kinachomwagwa kwenye sinki la maabara mwisho wake tunakijua.

Na kwenye makabidhiano yenyewe, badala ya ile hotuba ya vitunzwe vidumu, mkuu wa grupu aseme mbele ya afisa elimu na iandikwe kwenye barua ya makabidhiano, kwamba vioo hivi ni vya matumizi, tunatarajia sehemu yake kuvunjika kila mwaka, na tutaleta vya kujazia mwalimu akituonyesha daftari. Hiyo sentensi moja inamwondolea mwalimu barua ya kujieleza. Halmashauri nazo zinaweza kusaidia kwa kuingiza bikari na testi tyubu kwenye vitu vya matumizi kama zinavyoingiza chaki, badala ya kuzihesabu kama meza na makabati. Tukirudi baada ya mwaka tusiulize vimebaki vingapi, tuulize fomu tuu wamefanya praktikali ngapi muhula huu.

Haya yana haraka kuliko watu wanavyodhani. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafuta darasa la saba, na kwa hesabu ilivyo watoto walioanza nao darasa la tatu watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wa mfumo wa zamani wanamaliza la saba. Januari 2028 mikupuo miwili inaingia fomu wani kwa pamoja. Mazungumzo yote ninayoyasikia ni ya madarasa, madawati na vyoo, na ni sawa yazungumzwe, lakini hao watoto watahitaji kushika kitu pia, na maabara iliyokuwa inasubiriana zamu kwa watoto 80 haitaongezeka yenyewe. Grupu linalochanga sasa hivi lina nafasi ya kukaa na mwalimu wa Kemia, wa Fizikia na wa Bayolojia wa shule yake kabla ya bajeti ya 2027 kupangwa, likapiga hesabu ya mkupuo mara mbili, bureti ngapi, gramu ngapi, mtu wa maabara analipwa na nani, na kipi kinaombwa halmashauri na kipi kinabebwa na grupu. Anayesoma hapa na ana namba ya mwalimu yeyote wa sayansi ampigie wiki hii amuulize kitu kimoja, kilichokuishia muhula uliopita ni nini, na akianza kutaja, aandike.